Chupa, Karo na Tuta la Mama

Niseme mapema ili tusisumbuane baadaye: mimi sikujenga kaburi. Nilijenga tuta la mboga. Nimelieleza jambo hili kwa jirani, kwa padri, kwa wanawake wote wa shirika letu, hata kwa mama anayepita asubuhi akiuza makala, yaani makaa ya kupikia, na mpaka leo kuna watu hapa mtaani Majengo wananitazama kwa jicho la pembeni. Basi naliandika. Asiyeamini aache.

Chanzo ni Mama. Mama yangu ni mkulima wa milimani, upande wa Butembo, na alikuwa amebaki kule peke yake. Baba alishafariki, sisi watoto tulishatawanyika, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumgomea. Simu yake isipopatikana siku mbili mimi silali, sili, namfokea kila mtu mpaka kuku. Nilichotaka ni kimoja tu: ahamie kwangu Goma, azeeke mbele ya macho yangu. Alikuwa ameshakuja mara mbili kujaribu, na mara zote mbili, siku ya tatu, alifunga mzigo wake akarudi.

“Weye mutoto,” aliniambia mara ya pili, amesimama katikati ya kiwanja changu na jembe mkononi, maana Mama hasafiri bila jembe, “hapa watu wanalima wapi? Nimepiga jembe, limelia ngaa! Nikiamuka asubui nitafanya nini? Nitapalilia mawe?”

Aliyewahi kukaa Goma anajua: chini yetu ni jiwe jeusi la volkano, na udongo tunaununua kwa gunia. Mama akaondoka zake, nami nikaapa kwamba safari ya tatu atakuta mahali pa kupanda, hata iweje.

Udongo wenyewe ulipatikana. Watu wa chukudu, yale mabaiskeli makubwa ya mbao ya kubebea mizigo, waliniteremshia magunia kumi na mawili kutoka upande wa Sake. Udongo mweusi, mtamu, ukiubana kiganjani unashika alama za vidole. Shida haikuwa kuupata, shida ilikuwa kuuzuia usitoroke. Juu ya jiwe huchimbi. Unaumwaga juu yake, na mvua ikinyesha unateleza wote. Nilianza kwa kuzungushia mawe, kama kila mtu anavyofanya. Lakini jiwe letu lina matundu kama andazi lililoumuka vibaya, na halikubali kukaa sawa na mwenzake. Mvua moja tu ikanyesha, na gunia zima likapita chini ya ukuta mpaka kwa jirani.

Jirani huyu ni mama wa Kiislamu, ukoo wao ulitoka Maniema zamani sana, anauza vitenge, na ukuta wake ndio ukuta wangu. Ni ukuta mfupi. Ukisimama wima unaona kila kitu cha mwenzako, na yeye husimama wima saa zote. Asubuhi ile alichungulia akasema:

“Jirani, udongo yako imekuja kunisalimia. Niirudishe ama nipande vitunguu?”

Nikaelewa kwamba nahitaji ukingo unaobana, usio na matundu, na usionigharimu kitu. Na vifaa vya namna hiyo, nyumbani kwangu, vilikuwa nyuma ya jikoni, chini ya ulinzi mkali wa mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa karo, vile vigae vya sakafu na vya bafu. Mikono yake ni ya dhahabu, sikatai. Lakini hatupi kitu. Kila kazi akimaliza hurudi na vipande: karo nyeupe zilizovunjika pembe, nusu karo, robo karo, na nikiuliza ni za nini ananijibu, “Zitafaa.” Hapo nyuma kulikuwa na beseni zilizotoboka, sahani za bati zilizobabuka, bidoni, yaani madumu, za manjano zisizo na vifuniko, pasi iliyokufa, na chupa za kijani za divai tangu arusi ya binti yetu mkubwa, zile ambazo depo za vinywaji hazizipokei. Miaka sita zile chupa zinanitazama kila nikienda kuchota makala.

“Papa,” nikamwambia, maana sisi wawili huitana Papa na Mama, “naomba vitu vyako nizungushie tuta la Mama.”

Akaja akasimama mbele ya rundo lake. Halafu tukaanza kujadiliana kitu kimoja kimoja, kama watu wanaogawana urithi. Beseni ya buluu? Hapana, itazibwa. Itazibwa lini? Siku moja. Bidoni hii? Hii ni ya petroli, inanuka, itaua mboga. Basi ile? Ile ina historia. Nikamwambia historia yake tutaizika pamoja nawe usiponipa. Mwishowe alikubali chupa zote, sahani saba, na karo nyeupe, kwa sharti moja: karo azipange yeye mwenyewe, kwa sababu hawezi kuishi katika kiwanja chenye karo zilizopinda. Nikaona nimeshinda. Laiti ningejua.

Sehemu iliyo sawasawa kwenye kiwanja chetu ni moja tu, kati ya mlango wa barabarani na jikoni. Nilitaka tuta liwe jembamba, ili Mama akae kwenye kigoda upande mmoja mkono wake ufike upande wa pili bila kulisumbua lile goti. Metre ya mume wangu, ule utepe wa kupimia, ilikuwa kazini. Na kwa kuwa Mama na mimi tunalingana kimo, nikaona njia fupi ni kulala chini.

“Nipime,” nikamwambia. Nikalala chali, miguu pamoja, mikono juu ya kifua ili isimzuie kazi. Akaweka jiwe kichwani na jiwe miguuni, kisha moja kila upande. Nilipogeuza macho nilimwona jirani juu ya ukuta wake, kanga mdomoni. Nikampungia mkono nikiwa bado nimelala. Hakupunga.

Tulifanya kazi siku mbili. Chupa tulizifukia midomo chini kwenye changarawe, zikakaa makalio juu, zimebanana bega kwa bega. Ndani yake mume wangu alisimamisha karo nyeupe, akazishikisha kwa saruji kidogo iliyobaki kwenye ndoo. Sahani za bati zikaziba pembe. Udongo tukaujaza mpaka ukavimba katikati, maana unashuka ukinyweshwa. Upande wa kichwani, kwa ajili ya mmea wa marakuja, yale matunda ya pasheni, nilisimamisha chuma kirefu, na marakuja inahitaji pa kutambaa kulia na kushoto, kwa hiyo nikafunga chuma kingine, kikakingama na cha kwanza. Mume wangu naye, kwa kunogewa, akachukua karo moja nzima, pekee isiyovunjika, akaiandika kwa rangi nyeusi, herufi nzuri zilizonyooka: MAMA YETU MPENDWA. Akaisimamisha chini ya chuma.

“Nimeacha nafasi ya tarehe,” akasema. “Nitaijaza akifika.”

Nyinyi mnaosoma mmeshacheka. Sisi hatukuona kitu! Nakuapieni, watu wawili wazima, wenye macho manne na miwani moja, tulisimama pale tukatazama, tukaona bustani. Mimi nikawaza Mama ameinama pale asubuhi na kikombe chake cha chai pembeni. Siku mbili nilikuwa nampigia, simu haipatikani, kwa kuwa alishapanda gari kuja kwangu safari ya tatu, na njiani hakuna resoo, yaani mtandao. Watu wa mtaa mzima nilikuwa nimewalalamikia, na lile goti lake wote walikuwa wanalijua. Wasiwasi na furaha vikanijia pamoja, nikapiga magoti kando ya tuta nikalia kwa sauti. Mume wangu akavua kofia akanishika bega.

Juu ya ukuta, kanga ikashuka polepole ikatoweka.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Mchana jirani aliingia kwa mlango, yeye ambaye huongea nami kwa ukuta tu. Alikuwa na sufuria ya wali na nyama, ya moto. Akaiweka jikoni, akaja akanikumbatia kwa nguvu, akatazama tuta, akatingisha kichwa, akaondoka. Nikamwambia mume wangu, “Unaona majirani wa Kiislamu? Wanajua kupokea mgeni.” Nikaonja ule wali. Ulikuwa mzuri.

Saa tisa wakaja wanawake wa shirika. Sisi Wakatoliki wa mtaa tumegawanyika katika mashirika, familia chache chache zinazosali pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Niliwaona wanaingia mmoja mmoja, vitenge vimefungwa kiunoni, wengine na viti vya plastiki kichwani, nikajua nimesahau zamu yangu. Aibu gani hii! Nikakimbia kutafuta chai. Walikuwa kumi na wanne. Wakakaa wakilizunguka tuta, nikafurahi kwamba wanalipenda. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye sauti ya juu kuliko filimbi, akaanzisha wimbo, wenzake wakaitikia.

Ni wimbo ninaoujua. Ni ule tunaoimba jeneza likitoka nyumbani. Nikajiambia labda wanajizoeza.

Halafu mmoja akajitupa chini kando ya chupa zangu akalia, “Mama yetuuu! Goti limekuchukua!”

Hapo ndipo ubongo wangu ulipoanza kutembea, na ulikuwa unatembea polepole. Nilisimama na sufuria ya chai mkononi nikatazama: ule urefu, zile karo nyeupe, ule udongo uliovimba. Kile chuma. Yale maandishi. Yesu na Maria! Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ameshaona, na rangi imemtoka.

“Papa,” nikanong'ona, “karo za namna hii unapigaga wapi?”

“Bafuni,” akasema.

“Na wapi tena?”

Akatazama viganja vyake. “Mwaka huu… zaidi kule makaburini. Ni mukono tu, Mama. Mukono ulikwenda wenyewe.”

Nilikuwa nafungua kinywa niwaambie wale wanawake ukweli, lakini kilio kilikuwa kimepanda, huwezi kukisimamisha kwa kikohozi. Na kilichotokea mlangoni wakati huo sikukiona. Nakisimulia kama Mama alivyonisimulia, na amenisimulia mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Gari alilopanda, ambalo kwa kawaida huharibika na kulala njiani, siku ile liliamua kufika kwa saa yake. Alishuka akapanda pikipiki ya kukodi, tunayoiita moto, mwendeshaji akamwacha mbele ya mlango na mfuko wake wa viazi, fimbo na jembe. Akasikia kilio. Sasa, huko kwetu mtu haingii kwenye kilio na macho makavu, uwe unamjua marehemu au humjui. Mama akaweka mfuko chini, akafunga kitambaa vizuri, akaanza kulia na kuitikia wimbo, tena kwa sauti ya pili, ambayo anaijua sana. Alipokwisha kulia kiasi cha heshima, akamgusa mama aliyesimama mlangoni.

“Ni nani alikufa?”

“Mama ya mwenye nyumba. Tunangojea mwili, uko njiani kutoka Butembo.”

“Masikini. Alikufa na nini?”

“Goti.”

Mama akajifanyia ishara ya msalaba. Halafu akamsogelea. “Goti la wapi?”

“La kushoto, nasikia.”

Anasema aliitazama miguu yake kwanza. Kisha akatazama tena mlango, akahakikisha ni wa kwangu.

Mimi nilichosikia ni ile sauti ya pili kunyamaza ghafla, na nilikuwa naitambua bila kujua kwamba naitambua. Wanawake wakapisha. Mama akapita katikati yao na fimbo yake, tk, tk, tk, akafika kwenye tuta, akasoma karo kwa sauti, herufi kwa herufi, maana alisoma mpaka darasa la nne na anajivunia.

“Mama… yetu… mupendwa.” Akanigeukia. “Ni mimi niko humu?”

Wee! Mama yule aliyekuwa chini aliinuka akaruka tuta zima bila kugusa chupa hata moja. Viti vilianguka. Wengine walipiga magoti, wengine walikimbia, kiongozi wa wimbo akatoka na ndala moja, na upande wa pili wa ukuta nikamsikia jirani anamtaja Mungu kwa Kiarabu, mfululizo, bila kupumua.

“Mama,” nikasema, “ni bustani.”

“Bustani iko na musalaba?”

“Ni ya marakuja kupanda.”

“Na chupa?”

“Zinashika udongo.”

“Na karo?”

“Zinashika udongo, Mama.”

Akanyoosha fimbo akamwonyesha mume wangu pale nyuma yangu alipojificha. “Na weye, mukwe. Kama ulikuwa na haraka ya kunizika, mbona hukuweka tarehe?”

“Nilikuwa nangojea ufike, Mama,” akasema yule mtu. Mungu amsamehe, mimi bado sijaweza.

Mama akaomba maji, akaomba mahali pa kulala, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Waliobaki nikawaeleza, wakacheka mpaka wakalia machozi mengine, wakala wali wa jirani, ambaye alikuja mwenyewe kuupakua. “Niliona ajabu kumuzika mutu mulangoni,” akaniambia, “lakini nikasema watu wa Butembo, nani anajua desturi yao?”

Mimi sikucheka. Nilikuwa na uchungu, wacha niseme wazi. Miaka mitatu nimeomba mama yangu aje azeeke kwangu, na siku anayokuja namkaribisha kwa kaburi la kipimo chake, lenye jina. Jioni ile niling'oa kile chuma kwa mikono yangu nikakitupa nyuma ya jikoni. Nilijua siku ya tatu haitafika. Atafunga mzigo kesho. Na akifika kule milimani hatanisikiliza tena, atakuwa hapokei hata simu.

Asubuhi nilimkuta nje. Amekaa kwenye kigoda kando ya tuta, kitenge kiunoni, na nusu ya chupa alikuwa ameshazing'oa. Nikadhani ni hasira.

“Wacha nikusaidie kubomoa,” nikasema.

“Nani anabomoa? Nageuza. Ulishaona kaburi la duara?” Akanionyesha mstari aliouchora chini kwa jembe. “Hizi karo zilale, zisisimame. Chupa zishikane vizuri, wazo yako si mbaya, udongo haujatoka hata kidogo. Sahani ondoa, zitapata kutu. Udongo ulitoka wapi?”

“Sake.”

“Uko muzuri,” akasema, kwa shingo upande.

Nikachuchumaa tukafanya kazi. Jua lilikuwa bado halijachoma. Baada ya muda nikashindwa kujizuia, nikamwomba msamaha, nikaanza kusema sikukusudia, Mama, nilitaka tu uwe na mahali pako.

Akapangusa mikono. “Jana,” akasema, “nimehesabu. Wanawake kumi na nne, na ule Muislamu na wali yake. Hata sura yangu hawakuwa wanaijua. Ule mumoja alijitupa chini na nguo safi.” Akachukua chupa nyingine, akaipuliza vumbi. “Kule kilimani majirani walihama wote, mutoto wangu. Walifunga milango, wakaenda. Sikukuambia, ungelia kwa simu. Nikifa kule leo, nani atapiga kelele? Kuku?”

Akaibana chupa ile mahali pake, akaigonga kwa kiganja mpaka ikatulia.

“Lakini ule mama mwenye kuanzisha wimbo,” akasema, “anauanza juu sana. Wenzake hawafiki, na sauti ya pili inapotea. Siku yangu asinifanyie vile. Muite aje kila Jumamosi nimufundishe. Tuanze mapema, wakati bado tuko na muda.”